VM zinakwama? Pima kwanza kabla hujaulaumu mtandao

Wakuu, mimi niko Mtwara mjini, naangalia seva ya ofisi moja ya mambo ya korosho, boksi moja lina Proxmox (programu ya kuendesha VM) na ndani VM 3, yaani kompyuta pepe zinazogawana boksi hilo: database, mafaili na Windows ya wahasibu. Msimu ukianza Oktoba simu haziishi, "fundi mtandao umekufa", mtu anabonyeza save halafu anaenda kuchukua chai anarudi bado inazunguka. Hilo neno mtandao msiliamini, kwa wateja wetu chochote kikiwa slo ni mtandao.

Hatua ya 1: kaa kwenye kompyuta ya mhasibu, piga ping (amri ya kupima muda wa kwenda na kurudi) kwenda kwenye VM yenyewe, sio Google. Kwa waya ndani ya ofisi inatakiwa iwe chini ya milisekunde 1. Ikiwa hivyo na pakiti hazipotei, achana na mtandao. Ikirukaruka kagua swichi na nyaya, panya wa godauni hawana adabu.

Hatua ya 2: ingia kwenye VM ya Linux, andika top, soma st na wa kwenye mstari wa CPU. st ni muda VM ilitaka CPU ikakuta seva mama (boksi lenyewe) inahudumia wenzake. Ikikaa juu ya asilimia 10 muda mrefu ujue umegawa core nyingi kuliko ulizonazo, na hapo wengi wanakosea, wanaongeza vCPU (core unazoipa VM) wakati dawa ni kupunguza. wa ikiwa juu, kuna kitu kinasubiri diski.

Hatua ya 3: kwenye seva mama piga vmstat 1. si na so zikicheza kila sekunde memori imeisha, inaswap (inatumia diski badala ya memori), punguza RAM ulizogawa au nunua nyingine.

Hatua ya 4, hii ndo ilinitoa jasho. Hapo hapo kwenye seva mama weka sysstat (kifurushi chenye iostat), piga iostat -x 1, angalia w_await, yaani muda ambao kuandika kunasubiri diski. SSD nzima haizidi milisekunde chache, diski za kuzunguka 10 au 20 hivi. Yangu ilisoma 180 na CPU imelala kabisa! Nikazima seva nikafungua mfuniko, betri ya kadi ya RAID (inayounganisha diski kadhaa) imevimba kama andazi. Kadi ikiona betri imekufa inaacha kutumia kashe ya kuandika (memori ya haraka inayoshika data kabla haijafika diski), kila kitu kinasubiri mpaka diski imalize, na database inaandika vipande vidogo vidogo kutwa nzima, lazima ikwame. Kuna setingi ya kuilazimisha itumie kashe hata bila betri, usiguse, umeme ukikatika kilichokuwa kwenye kashe kimeenda na database inaweza kuharibika. Betri ilikuja na basi toka Dar, w_await ikashuka mpaka 4.

Hatua ya 5: hakikisha diski na kadi ya mtandao za VM ni virtio (aina iliyotengenezwa kwa ajili ya VM), sio IDE wala E1000 zinazoigiza vifaa vya zamani. Kwenye Windows weka draiva za virtio kwanza, ukibadilisha diski kabla ya draiva haitawaka.

Halafu kagua saa ya bakapu. Mimi nilitaka saa 8 usiku nikaandika 08:00, kumbe kwa seva hiyo ni saa 2 asubuhi, ofisi ndo inafunguliwa. Andika 02:00.