Somo: Betri ya kamera hufa ikiwa mapumzikoni

Ukinunua betri ya kamera hapa Kigoma, muuzaji atakupa na wosia wake: "Ichaji masaa kumi na mawili kwanza, halafu usiichomeke tena mpaka iishe kabisa." Nami nilipewa wosia huo, nikaufuata kama dozi ya malaria, na betri yenyewe haikumaliza mwaka wa pili.

Muuzaji hakuwa mwongo. Maneno yale yalifaa enzi za betri za nikeli na kadimiamu, ambazo ukizoea kuzichaji zikiwa nusu zilianza kuiona nusu ndiyo mwisho. Betri iliyomo kwenye kamera nyingi leo ni ya lithiamu ya kuchaji (Li-ion). Aina hiyo iliingizwa sokoni na Sony mwaka 1991, na haina ugonjwa ule. Ukiilea kwa masharti ya babu yake unaipunguzia umri.

Kazi yangu ni picha: harusi, send-off, pasipoti, na mara mojamoja wageni wanaokwenda hifadhi ya Gombe. Betri nilizozitupa ni nyingi, na nikizikumbuka mojamoja, chache sana zilizochoshwa na kazi. Zilizobaki zilijifia zimelala, nyingine kwenye droo, nyingine kwenye chaja, nyingine ndani ya begi lililoachwa juani. Kwa hiyo, wanakikundi, sehemu kubwa ya somo hili inahusu namna ya kuilaza betri, na kidogo tu namna ya kuitumia.

Hatua ya 1: Isome ubavuni

Itoe, isome. Ukikuta Li-ion na volti 7.2 au 7.4, hiyo ni lithiamu, na ndani mna seli mbili zimefungwa pamoja. Betri ya kamera yangu, Canon 600D, ni ya aina ya LP-E8, volti 7.2, mAh 1120. Ukikuta vijiti viwili au vinne vya AA vyenye maandishi Ni-MH na volti 1.2, hizo ni za nikeli na zina hatua yake huko chini. AA za volti 1.5 zinazouzwa kila duka kwa kawaida ni za alkali au za zinki na kaboni. Hizo hazichajiwi, hata fundi akikuapia.

Namba ya mAh ndiyo ujazo wa tangi, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba. Ukiona LP-E8 ya bei ya kutupa imeandikwa mAh 2400, jiulize tangi kubwa mara mbili limeingiaje kwenye boksi lilelile. Nilinunua mbili za namna hiyo. Zilikuwa nyepesi mkononi kuliko ya asili, na zote mbili ziliniishia kabla keki haijakatwa.

Hatua ya 2: Chaji kidogokidogo, chomoa ikijaa

Betri ya lithiamu huumia kwenye ncha zote mbili, ikiwa tupu kabisa na ikiwa imejaa pomoni muda mrefu. Katikati ndiyo raha yake. Kwa hiyo ukirudi na nusu, chaji bila wasiwasi. Usisubiri kamera izime.

Chaja ya LP-E8 hujaza betri tupu kwa takriban masaa mawili. Mwanzo inasukuma umeme kwa nguvu, kisha kila seli ikikaribia volti 4.2 inapunguza mpaka inaacha. Taa ikigeuka kijani, kazi imekwisha. Yale masaa kumi yanayobaki mpaka alfajiri hayaongezi chochote, yanaiacha tu betri kwenye volti za juu ndani ya kifaa chenye uvuguvugu.

Hatua ya 3: Iepushe na joto

Hapa naomba msome taratibu.

Kuna msimu mmoja nilikuwa nikipeleka wageni Gombe karibu kila wiki. Kama mnavyojua, kule hakuna barabara, unapanda boti Kibirizi. Begi langu lilikuwa jeusi, na mahali pake pa kudumu palikuwa nyuma, karibu na injini, kwa sababu mbele maji yanaruka. Juu jua la ziwani, chini mashine. Jioni moja nimerudi, nimechomeka betri, taa ya chaja ikawa inapepesa harakaharaka, isivyo kawaida yake. Nikadhani chaja imekufa. Niliposhika betri ndipo nikaelewa, maana ilikuwa na moto wa kikombe cha chai. Chaja ilikuwa inaikataa mpaka ipoe.

Safari moja haiui betri. Lakini nilikwenda hivyo msimu mzima, na mwisho wake betri iliyokuwa ikinibeba siku nzima ikawa inaishia saa nane mchana.

Sababu ni kwamba ndani ya betri kuna dawa, na dawa hizo zikipata joto hulana zenyewe kwa kasi hata kama hupigi picha. Vipimo vinavyojulikana kwa betri za lithiamu ni hivi: ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi joto 25 ikiwa na chaji asilimia 40, hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikikaa mwaka huohuo imejaa, kwenye nyuzi 40, hubaki na takriban 65. Theluthi nzima imepotea na hujabonyeza kitufe hata mara moja.

Sasa mimi betri za akiba nazifunga ndani ya kitambaa cheupe, naziweka katikati ya begi, na begi linakaa kivulini hata kama nitaloa mimi. Gari lililofungwa vioo juani ni tanuri, usiache kamera humo ukaingia kula. Na betri iliyotoka kazini ikiwa ya moto, ipumzishe nusu saa kabla ya kuichaji.

Hatua ya 4: Ilaze ikiwa nusu

Ramadhani ikiingia, harusi za Ujiji husimama. Nina betri nne, na mwezi huo natumia moja tu. Zamani nilikuwa nazijaza zote nne siku ya mwisho ya Shaabani ili Idi inikute tayari. Lilikuwa kosa. Siku hizi naziacha karibu na nusu, nazitoa kwenye kamera, navisha kile kifuniko cha plastiki, naziweka chumba chenye ubaridi, chini, mbali na dirisha. Siku mbili kabla ya Idi ndipo nazijaza.

Usiilaze ikiwa tupu. Betri hupoteza chaji kidogokidogo yenyewe, na kamera huinyonya kidogo hata ikiwa imezimwa. Ikishuka chini ya kiwango fulani, ulinzi wa ndani unaifunga na chaja haitaitambua tena. Hiyo ndiyo ile "ilikuwa nzima, nimeiweka miezi sita, imekufa."

Nimezibandika karatasi za namba, 1 mpaka 4, nazitumia kwa zamu. Bila namba utajikuta unaitumikisha moja mpaka inazeeka, na nyingine inaoza kwenye droo.

Hatua ya 5: Punguza walaji wakati wa kazi

Mlaji mkubwa ni kioo cha nyuma. Kwa 600D, Canon wenyewe wanatoa makadirio ya picha kama 440 ukichungulia kwenye tundu, na kama 180 ukipiga kwa kutazama kioo. Betri ni ileile! Kwa hiyo chungulia. Punguza mwanga wa kioo, weka picha ijionyeshe sekunde mbili tu, na acha ile tabia ya kumwonyesha bibi harusi kila picha. Flashi ya juu ya kamera inafuata kwa ulaji. Harusini tumia flashi ya nje yenye betri zake. Wi-Fi zima. Kamera ijizime yenyewe baada ya dakika moja, kuiamsha ni kugusa kitufe tu.

Hatua ya 6: Wenye kamera za AA

Za Ni-MH zina sheria tofauti kidogo. Nunua zile zinazotunza chaji, kama Eneloop, ambazo Sanyo walizitoa mwaka 2005. Ni-MH za kawaida zikikaa mwezi tu zinaweza kuwa zimepoteza robo ya chaji, na ndiyo maana watu huzitukana.

Usiogope hiyo volti 1.2. Kwenye flashi na kamera inashinda alkali ya 1.5, kwa sababu alkali ikiombwa umeme mwingi kwa ghafla inaregea. Seti moja ikae pamoja: zilizonunuliwa pamoja zichajiwe pamoja na zitumike pamoja. Ukichanganya changa na zee, zee linaisha kwanza, changa linaendelea kulisukuma mpaka nguzo zake zinageuka, chanya inakuwa hasi, na hapo zee limeharibika. Chaja nunua inayopima kila betri peke yake na kujikata. Ile ya bei nafuu inayochaji mbilimbili bila kupima huzipika.

Mwisho kabisa, futa vile vyuma vya mguso kwa kitambaa kikavu kila baada ya wiki chache. Vikiwa na weusi, vipitishie ufutio wa penseli.

Maswali ya wanakikundi

*Mwanakikundi wa Kasulu:* Mkuu, shukrani kwa somo. Huku umeme unakatika na kurudi hata mara tano kwa usiku mmoja. Betri ikiwa kwenye chaja inaumia?

Kukatika hakuiumizi, itaendelea ilipoishia. Anayeumia ni chaja, pale umeme unaporudi na kishindo. Ukikatika, chomoa, subiri utulie dakika kadhaa ndipo urudishe. Ukiweza, pata stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme. Umeme mdogo usikutishe, chaja nyingi za kamera zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240.

*Mwanakikundi wa Uvinza:* Nafanya kazi jirani na mitambo ya chumvi. Vyuma vya betri zangu vinaota unga wa kijani. Na je, niziweke kwenye friji kama wanavyosema?

Unga huo ni kutu ya shaba, na chumvi iliyoko hewani ndiyo inayouharakisha. Pamba yenye spiriti kidogo, futa, acha ikauke kabisa. Betri zako weka kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Friji sikushauri: ukiitoa kwenye baridi hewa ya huku inaitolea jasho, na kwako wewe jasho na chumvi ni balaa. Friza ndiyo usithubutu. Chumba chenye kivuli kinatosha.

*Dada wa Mwandiga:* Yangu imevimba tumbo, inaingia kwenye kamera kwa kusukuma. Fundi anasema anaweza kuitoboa kidogo itoe hewa.

Dada, mkimbie huyo fundi. Hewa hiyo imetokana na dawa za ndani kuharibika, na lithiamu ikitobolewa inaweza kulipuka moto mkononi. Itoe kwenye kamera leo. Ikigoma kutoka usiilazimishe kwa bisibisi, niletee tuione. Usiichaji tena, na usiitupe jalalani kunakochomwa taka. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mpaka tupate wa kuipokea.

*Mwanakikundi wa Kibondo:* Kijijini tuna sola tu. Kuna kijana anakata waya na kuunga betri moja kwa moja kwenye paneli. Inajaa kweli.

Inajaa kweli, na siku moja itawaka kweli. Seli mbili zinatakiwa zisizidi volti 8.4, lakini paneli ya "volti 12" juani bila mzigo hutoa mpaka zaidi ya 18. Hakuna wa kuisimamisha. Tafuta chaja ya betri yako inayotumia USB au ile ya kwenye gari ya volti 12, uichomeke kwenye betri kubwa ya sola kupitia kidhibiti chake.

*Mwanakikundi wa Ujiji:* Mzee, mimi miaka mitatu nalaza betri kwenye chaja usiku kucha na inapiga kazi. Hapo vipi?

Hesabu picha ulizopiga Jumamosi iliyopita mpaka ilipozima, unitumie namba.

*Mwanakikundi wa Ujiji:* 190. Lakini nilitumia flashi!

Hata hiyo 440 niliyoitaja imepimwa kwa kuwasha flashi nusu ya picha. Ilipokuwa mpya ulikuwa unafika ngapi?

*Mwanakikundi wa Ujiji:* Acha nikachomoe.