Gari kuukuu linachemsha na kutoa moshi: mambo ya kuzingatia kabla hujapanda Kitonga

Kwa gari la zamani huku Nyanda za Juu Kusini, kuchemsha na kutoa moshi mara nyingi ni watoto wa mama mmoja, ila gereji nyingi huwatibu kana kwamba hawajuani. Gari likichemsha, themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, inatolewa. Likianza kunywa mafuta na kutoa moshi mweusi, unauziwa plagi, kisha unaambiwa masega ya ekzosi, yaani kifaa cha kusafisha moshi (kataliti), yamekufa. Kabla hujatoa hata shilingi mia, jua kwanza kama themostati ipo.

Njia rahisi ni kuwasha gari lililolala nje, asubuhi ya mwezi wa saba kule Mafinga au Makambako. Shika hozi ya juu ya rejeta, mkono ukiwa mbali na feni. Themostati nzima huiacha hozi ikiwa baridi kwa muda, halafu joto linakuja ghafla. Hozi ikipata uvuguvugu kidogo kidogo tangu mwanzo, ama themostati imetolewa ama imekwama wazi. Fundi atakuambia, "Bosi, hiyo haina kazi, huku kwetu baridi." Ni kinyume chake. Kwa kuwa ni baridi, injini isiyo nayo haifikii joto lake, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa na inazidi kumwaga petroli. Monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu, inapanda, na mafuta yasiyoungua yanatoka na moshi. Ukinunua mpya, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kuifunga. Nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 88.

Kinachofuata ni mfuniko wa rejeta, kifaa cha bei ndogo kinachodharauliwa kuliko vyote. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko wenye alama ya 0.9, ukiwa mzima, hubana shinikizo hadi maji hayohayo yakavumilia nyuzi 115 hivi. Mpira wake ukishapasuka, gari lililokuwa likihimili Dar es Salaam linaweza kuanza kutokota likifika Uyole, na mtu akabadilishiwa rejeta bure. Ufungue injini ikiwa imepoa kabisa, uangalie mpira na springi. Na acha kujaza maji ya mtoni. Weka kulanti, kimiminika maalumu cha rejeta, kwani maji matupu yanaleta kutu ndani, na ukipanda Makete au Kitulo msimu wa sakitu hayana kinga ya kuganda.

Kumbuka pia gari linachemshia wapi, maana fundi mzuri atakuuliza. Likichemsha kwenye mlima wa Kitonga ukiwa nyuma ya lori lenye mzigo, linalokwenda mwendo wa mtu anayetembea, shuku feni. Likichemsha ukiwa kwenye mwendo mkali na upepo unapiga mbele, shuku rejeta iliyoziba au wota pampu. Sindano ikipanda huku hita inapuliza baridi, maji yamepungua au kuna hewa ndani. Barabarani, zima AC, fungua hita yote, tafuta pa kuegesha. Usimwagie injini maji baridi. Silinda hedi hupasuka hivyo.

Gasketi ya silinda hedi, muhuri unaozuia maji na oili visichanganyike ndani ya injini, inahitaji utulivu kidogo kuihukumu, kwa sababu baridi yetu hudanganya. Mvuke mweupe asubuhi ni kawaida, ilimradi upotee injini ikipata moto. Ute kama maziwa chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevu tu, hasa kwa gari la safari fupi za mjini. Ila mvuke usiokwisha, wenye harufu tamu, maji yanayopungua bila kuvuja, na hozi inayokuwa ngumu mara tu baada ya kuwasha gari baridi, hapo gasketi huenda imeungua, usisafiri. Moshi wa bluu ni oili, habari nyingine.

Wenye magari ya kabureta, kifaa cha kizamani kinachochanganya petroli na hewa, wajue hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa takribani asilimia 15 kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa pwani itatoa moshi mweusi huku, hata kama kila kitu ni kizima. Safisha eya klina, kisha mpe fundi aipange upya.

Masega yawe ya mwisho. Injini inayochemsha huzidisha oksidi za naitrojeni, inayokula petroli nyingi huyaunguza masega yenyewe, kwa hiyo mapya yatakufa vilevile usiporekebisha chanzo. Yakishaziba, nayo hubana moshi, gari linakosa nguvu mlimani na joto linapanda. Siku ya kupima moshi, usitoke nyumbani moja kwa moja hadi kwenye mashine. Masega baridi hayafanyi kazi. Endesha kwanza kutoka Uyole mpaka Mbalizi, ufike injini ikiwa na joto lake, na usiizime ukiwa kwenye foleni.