Jinsi ya kumuombea mzazi tiketi ya standbai, na sehemu utakazokwama

Ukiajiriwa kampuni ya ndege, uwe kaunta, karakana, jikoni au angani, iko siku simu ya nyumbani itaingia na swali moja tu, "si mnapanda bure huko?" Sio bure jamani. Mzazi anapanda kwa tiketi ya standbai, yaani ya kusubiri siti itakayobaki, kwa hela kidogo sana ikikaa vizuri, na isipokaa vizuri anarudishwa nyumbani na begi lake halafu kesho anaamka alfajiri tena kwenda kujaribu. Mimi nafanya kazi Ghuba, nimemaliza kumleta mama yangu kutoka Dar juzi juzi tu, karatasi bado zimejaa mezani, kwa hiyo naandika kabla sijasahau. Kila kampuni ina sheria zake, zako zisome, ila mlolongo unafanana karibu kote.

Kumuandikisha

Kampuni nyingi hazikuruhusu mpaka umalize probesheni. Ukimaliza unaingia potali ya stafu traveli, yaani mtandao wa safari za wafanyakazi, unaandikisha watu wako: mume au mke, watoto, wazazi. Ndugu wa tumbo moja inategemea na kampuni. Shangazi, binamu na mama mdogo aliyekulea, hao sahau, maana kwetu mama mdogo ni mama lakini HR mama ni yule aliyeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa basi.

Na kwenye cheti ndipo tulipoliwa muda na hela. Formu yenyewe unajaza huku unakunywa chai. Shida ni kwamba cheti changu kinasema mama anaitwa Mwanaisha, pasi yake inasema Mwanaasha, na jina la tatu la babu kwenye cheti halipo kabisa kwa sababu enzi hizo karani aliandika alichosikia na hakuna aliyebishana naye. Nyumbani mtaa mzima unajua ni mtu yule yule. Ombi likarudishwa na mstari mmoja kwamba nyaraka hazilingani, haisemwi ipi hailingani na ipi, nikauliza kwa imeili akanijibu mtu mwingine nipakie upya, nikapakia zile zile, zikarudi. Mpaka nilipompata dada mmoja wa kitengo hicho kwa simu ndio akaniambia, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaelezea hilo mara nyingi siku hiyo, kuwa tatizo ni herufi moja.

Kwa hiyo kabla hujagusa potali weka mezani cheti chako, pasi yako na pasi ya mzazi, soma herufi kwa herufi. Ukikuta tofauti ndogo, mzazi aende kwa wakili au mahakamani aape kiapo cha majina kwamba majina yote hayo ni yake. Mwambie wakili aandike kwa Kiingereza moja kwa moja usije ukalipia na tafsiri, na kila jina liandikwe lilivyo kwenye hati yake pamoja na namba ya hati hiyo, sio ile "anajulikana pia kama" halafu basi. Tofauti ikiwa kubwa, yaani jina zima limebadilika, kiapo peke yake kinaweza kukataliwa ikabidi hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Cheti cha zamani cha kuandikwa kwa mkono, chenye wino uliofifia, kachukue kipya RITA, wale wa vizazi na vifo, hakuna ofisa wa huku atakayekaza macho kukisoma.

Halafu mihuri. Waajiri wengi wa Ghuba wanataka cheti kigongwe na Wizara ya Mambo ya Nje ya nyumbani, kisha ubalozi wa nchi unayofanyia kazi, kisha wizara ya mambo ya nje ya huku. Mpangilio ni huo huo, ubalozi haupokei kama wizara haijagonga, na kila muhuri una ada yake na foleni yake. Ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba kiapo nacho kinagongwa mihuri hiyo hiyo. Cheti kilishamaliza mzunguko wote, ndio HR wanasema na kiapo je? Mzunguko ukaanza upya, ada upya, mama daladala upya. Wewe zipeleke zote kwa mkupuo mmoja.

Kununua tiketi

Hii nyepesi. Ukipanda kampuni yako utakuta ID90, unalipa asilimia 10 ya nauli, au ID50 ambayo ni nusu. Ukitaka kupanda kampuni nyingine kuna tiketi ya stafu inaitwa ZED, nauli yake inapangwa kwa umbali wa maili, na ina ngazi ya chini, ya kati na ya juu kulingana na mkataba wa kampuni yako na hiyo nyingine. Kampuni nyingi zinatumia mtandao wa myIDTravel kununulia hizo za kampuni nyingine. Kinachowashangaza watu ni kwamba kodi na ada za uwanja hazipunguzwi hata senti, kwa hiyo safari fupi unaweza kukuta kodi ni kubwa kuliko nauli yenyewe, usidhani umeibiwa.

Kampuni nyingine zinauza pia tiketi ya stafu yenye siti ya uhakika, bei imechangamka kidogo. Kama safari ni harusi, msiba au miadi ya hospitali nunua hiyo usijitie ubahili, standbai ni ya mtu ambaye akifika Alhamisi badala ya Jumanne hakuna kilichoharibika.

Kulisti na kusoma lodi

Kununua tiketi hakujakuweka kwenye ndege yoyote. Lazima umlisti mzazi, yaani umuingize kwenye listi ya wanaosubiri siti, kwenye ndege fulani ya siku fulani, na akikosa siku hiyo umlisti tena kwenye inayofuata, haiendi yenyewe labda kampuni yako iwe na moyo. Mtu anafika kaunta na tiketi imechapishwa vizuri kabisa anaambiwa mama humo kwenye listi, na hapo wewe uko kazini simu iko kwenye loka.

Sasa lodi, yaani ndege imejaa kiasi gani na wangapi wanasubiri. Unaona siti 20 ziko wazi, waliolisti 14, unampigia mama simu afunge begi. Subiri kwanza. Kwanza standbai wamepangwa kwa makundi, mfanyakazi aliye safarini kikazi yuko juu, mfanyakazi wa likizo na familia yake wanafuata, wazazi mara nyingi wako chini zaidi, na stafu wa kampuni nyingine wako mkiani. Ndani ya kundi moja kampuni nyingi zinaangalia tarehe ya kuajiriwa, kwa hiyo mama wa mtu aliyeanza kazi mwaka jana anapitwa na mama wa mtu mwenye miaka 15 hapo hata kama alifika uwanjani jana yake. Pili, wapo abiria wa kulipa waliokosa ndege iliyotangulia, hao wanaingizwa mbele yenu wote. Kule myIDTravel unaoneshwa katuni ya uso, mwingine unacheka mwingine umenuna, ule uso unakwambia nafasi za kuuzwa zikoje, hauhesabu foleni ya standbai, kwa hiyo usimnunulie mtu teksi kwa sababu ya uso unaocheka. Muulize aliye ndani ya kampuni hiyo, au tumia app ya StaffTraveler ambako stafu wenzako wanakuangalizia lodi halisi.

Halafu kuna hizi mbili hazisemwi sana. Ndege za Dar nyingine zinatua Zanzibar kabla ya kwenda zake, siti ikiwa wazi Dar lakini Zanzibar wanaingia watalii kuijaza, kwako haipo, inabidi iwe wazi njia nzima. Na ya pili ni uzito. Unaweza kuona siti tupu kabisa na mtu akaachwa, hasa ndege za mbali zinazoondokea sehemu za juu kama Nairobi, pale JKIA ni mita 1,600 na ushee kutoka usawa wa bahari, au Addis Ababa ambako ni zaidi ya mita 2,300. Hewa ni nyepesi, joto likipanda ndio zaidi, ndege haiwezi kubeba uzito wote, na wa kwanza kupunguzwa ni sisi. Kwa hiyo ukimtafutia mzazi njia ya pili kupitia huko, pendelea ndege ya usiku au alfajiri kukiwa na baridi. Uzuri wa Nairobi ni kwamba Mtanzania akikwama anatoka nje bila viza akalale kwa ndugu Eastleigh, miji mingine atakaa ndani ya uwanja mpaka kieleweke.

Desemba, Idi, na shule zikifunga mwezi wa sita, usijaribu. Kuna kampuni zinazuia kabisa tiketi za stafu tarehe hizo, na zisizozuia ndege zimejaa hivyo hivyo.

Siku yenyewe uwanjani

Mzazi afike kaunta ikifunguliwa. Avae kiheshima, viatu vya kufunika, sio kandambili wala jinzi ya kuchanika, maana anahesabika kama mtu wa kampuni na akigombana na mhudumu ni wewe utakayeitwa ofisini, kuna watu wamefungiwa tiketi za familia nzima kwa mdomo wa mjomba. Asimtangazie jirani amelipa shilingi ngapi.

Ataambiwa "kaa pale pembeni". Atakaa. Majina ya standbai yanaitwa chekini ikikaribia kufungwa au imeshafungwa, kwa safari za nje hiyo ni kama saa moja kabla ndege haijaondoka, na akiitwa hapo ni mbio, uhamiaji, ukaguzi, geti. Kwa hiyo kama magoti hayako sawa amwambie wa kaunta kuhusu kiti cha magurudumu tangu anafika, asisubiri aitwe. Na begi liwe dogo. Mama yangu alikuja na ndoo ya lita kumi imejaa dagaa, mfuniko umezungushiwa selotepu, na juu yake kapu la ukili lenye machungwa ya Muheza, mdogo wangu ndio aliyerudi na ndoo nyumbani baada ya mabishano ambayo naambiwa walinzi wa mlangoni walichangia mawazo.

Anayemsindikiza asiondoke mpaka ndege ipae. Hili nalisisitiza. Hata akishapewa bodingi pasi, hata akishakaa kwenye siti, standbai anaweza kushushwa abiria wa kulipa akitokea dakika za mwisho. Ikitokea, anarudishwa uhamiaji ule muhuri wa kutoka ufutwe, ndio atoke nje, sasa mtu mzima anatoka saa nane usiku anakuta mlioenda naye mmeshafika Mbagala. Mwambie mapema kuwa linaweza kutokea, asije akadhani amekamatwa. Na kadi ya homa ya manjano aiweke kwenye mkoba pamoja na pasi, sio kwenye begi la kuchekini.

Kurudi

Watu wanapanga kuja tu. Viza ya huku ina tarehe ya mwisho na kuzidisha siku kuna faini, sasa ukianza kumlisti kurudi siku mbili kabla viza haijaisha unajitafutia presha. Anza wiki nzima kabla, chagua katikati ya wiki, na kama lodi ni mbaya kweli nunua tiketi ya kawaida ya kwenda tu ya kampuni ya bei nafuu, uiache ile ya stafu.

Hiyo usiyoitumia haipotei, tiketi za stafu nyingi zinarudishiwa hela, hata kipande cha kurudi peke yake. Ila nyingi za ZED zina uhai wa siku 90 na ombi la kurudishiwa lina tarehe yake pia, kwa hiyo kwanza mtoe mzazi kwenye listi ya ndege zote alizokosa, kuna kampuni zinatoza aliyelisti asitokee, halafu jaza ombi siku hiyo hiyo uchukue na namba ya kumbukumbu. Hela yangu bado iko "kwenye mchakato". Naulizia kila nikipata mshahara, na kila nikiulizia anajibu mtu mpya kabisa ambaye anaomba nimtumie ile namba tena.