Thread.Sleep haisaidii kusubiri ukurasa

Mnaoandika programu za Windows kwa C# na kuweka WebView2 (kidhibiti kinachoonyesha kurasa za wavuti) ndani ya fomu: ile tabia ya kubandika Thread.Sleep(5000), yaani kuusimamisha uzi (thread) kwa sekunde 5, baada ya Navigate inayofungua ukurasa, eti ukurasa upate muda wa kufunguka, iacheni. Ikikaa kwenye uzi mkuu unaochora dirisha, programu nzima inaganda, na taarifa kwamba ukurasa umefunguka nayo inakwama, kwa sababu hupitia uzi huohuo. Ni kumsubiri mgeni huku umetia komeo mlangoni.

Sikiliza tukio la NavigationCompleted, kisha angalia IsSuccess, inayosema kama ukurasa umefunguka sawasawa, kabla ya kugusa chochote, maana tukio hilo huja hata mtandao ukikatika.

Kwa wanaotumia bado WebBrowser ya zamani, tukio lake la DocumentCompleted huweza kuja mara kadhaa kwa ukurasa wenye fremu. Linganisha e.Url, anwani inayokuja na tukio, na Url ya WebBrowser yenyewe. Zikifanana ndipo uendelee.

Kazi hasa iko kwenye kurasa zinazojaza data baadaye kwa JavaScript. Hapo NavigationCompleted peke yake haitoshi. Tumia ExecuteScriptAsync, inayoendesha JavaScript ndani ya ukurasa, kuuliza kama document.querySelector imekipata kipengele unachokitaka. Kama bado, pumzika kwa await Task.Delay(250), yaani milisekunde 250 bila kuugandisha uzi, uulize tena. Weka kikomo, tuseme sekunde 30, la sivyo siku seva ikilala programu yako itauliza mpaka kuche. Na jibu hurudi kama maandishi ya JSON, kwa hiyo kwenye C# lilinganishe na maandishi "true", si thamani ya bool true.