SOMO: Jinsi ya kumpata mhadhiri wa ualimu wa masomo ya jamii kwenye chuo kidogo

Wakuu habari zenu. Kuna wadau wa vyuo vidogo huku Kilimanjaro na Arusha wamekuwa wakiniuliza inboksi namna ya kuajiri mhadhiri wa ualimu upande wa masomo ya jamii, yani yule anayewafundisha walimu watarajiwa jinsi ya kufundisha historia, jiografia na uraia, nikaona niandike hapa wote wapate. Mimi niko dipatimenti ya elimu kwenye chuo kimoja hapa Moshi na usaili wa nafasi hizi nimekaa sana. Naongelea chuo ambacho mtu mmoja ndo anabeba eneo zima peke yake, maana vyuo vikubwa wakikosea mtu kuna wengine watatu wa kuziba pengo, nyie hamna.

HATUA YA 1: Kubalianeni mnamtafuta nani
Tangazo linatoka "anahitajika mhadhiri wa historia", anakuja mtu ana masta safi kabisa ya historia, Maji Maji anaijua nje ndani, ila hajawahi kusimama mbele ya watoto wa darasa la tano na andalio la somo kwake ni makaratasi tu. Huyo ni mwanahistoria na ni mtu wa maana, lakini nyie mnataka mwalimu wa walimu. Na kingine, mtaala umebadilika, tangu Januari 2024 shule zinaingia awamu kwa awamu kwenye mtaala mpya unaotokana na Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023, sasa hivi shule ya msingi kuna Historia ya Tanzania na Maadili na kuna Jiografia na Mazingira, yale Maarifa ya Jamii tuliyozoea yanaondoka. Mtu asiyefuatilia hayo atawapeleka wanachuo wenu fildi, yani mazoezi ya kufundisha shuleni, wakakute wenzao wameshaanza kitu kingine.

Andikeni kabisa kwenye karatasi: kozi zipi atafundisha, wanachuo wangapi, atasimamia mazoezi ya kufundisha wilaya gani.

HATUA YA 2: Ngazi na sifa
Msing'ang'anie profesa. Uprofesa hapa kwetu ni cheo cha kupanda kwa machapisho, na wenye cheo hicho kwenye eneo hili ni wachache na wengi wana kazi zao. Mkufunzi Msaidizi ana digrii ya kwanza, Mhadhiri Msaidizi ana masta, Mhadhiri ana PhD, halafu ndo Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa. Kwa chuo kidogo mtu mwenye masta ya elimu aliyewahi kufundisha shule miaka kadhaa anawatosha sana, na mkimpa nafasi ya kusoma atawafikisha mbali. Matangazo mengi ya vyuo vikuu vya umma yanataka GPA (wastani wa alama) 3.8 digrii ya kwanza na 4.0 masta, nyie hakikini miongozo ya TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kabla hamjatangaza, na kama mnatoa stashahada basi mambo yenu yako NACTVET, baraza la elimu ya ufundi na mafunzo. Aliyesoma nje vyeti vyake vitambuliwe kwanza na TCU, msiseme ataleta baadae.

HATUA YA 3: Tangazo liseme ukweli
Kama msimamizi wa mazoezi anapanda bodaboda mpaka shule za milimani Rombo au anakwenda hadi Longido, semeni. Semeni na nauli nani analipa. Mtu anayekuja akijua anakaa, anayegundua akishafika anaanza kutafuta kwingine wiki ile ile. Mshahara nao wekeni hata kiwango cha chini na cha juu, najua wakuu wa vyuo hawapendi lakini inawapunguzia kusaili watu ambao mwisho wa siku watakataa. Na tangazeni mapema, mwaka wa masomo unaanza Oktoba Novemba, ukitangaza Septemba unaokota waliobaki.

HATUA YA 4: Mchujo
Watu wanne watano wanatosha. Soma barua ya maombi kwa makini kuliko CV.

HATUA YA 5: Demo (somo la majaribio)
Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo penyewe. Maswali ya mezani kila mtu anajibu, "nafundisha kwa mbinu shirikishi", hiyo sentensi wameikariri wote. Mpe wanachuo wa kweli, dakika 40, na mada ya hapa hapa. Mimi napenda kutoa ushirika: KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, imeanza 1933, kabla yake kulikuwa na chama cha wakulima cha 1925, kahawa ya Kilimanjaro ndo imejenga shule nyingi tunazoziona. Atakayesoma slaidi mwanzo mwisho utamjua, na atakayeuliza nani kwao kuna kihamba (shamba la ukoo la migomba na kahawa), nani babu yake alipeleka kahawa chama cha msingi, akawatoa hapo mpaka kwenye swali la kwanini wakulima waliamua kuungana, huyo muwekee alama. Walio Arusha mnalo Azimio la Arusha la 1967, na makumbusho yake yapo pale pale mjini.

Halafu muulize juu ya mada inayouma. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900, na mpaka leo ukoo wake unatafuta fuvu lake Ujerumani. Sasa mwanachuo wako anakwenda kuifundisha hiyo darasa la nne, tena pengine kuna mtoto wa ukoo humo ndani, utamwandaaje? Jibu la hilo swali linakuonyesha mtu kuliko cheti chochote. Kuna anayesema aruke tu, kuna anayetaka kuwatisha watoto kwa damu, na kuna anayekaa kimya kidogo akafikiria umri wa mtoto, akakuuliza kitabu kinasemaje, wazee wa pale wanasemaje. Mimi huyo wa tatu simuachi.

Sehemu ya mwisho ya demo: mwanachuo mmoja afundishe dakika kumi, mwombaji aangalie, kisha ampe mrejesho mbele yenu. Kazi yake fildi ndo hiyo. Akimvunja moyo mtoto wa watu mbele ya jopo, huko shuleni mkiwa hampo itakuwaje.

HATUA YA 6: Pigeni simu
Barua za wadhamini zote zinasifia. Piga simu kwa mkuu wa shule alikowahi kufundisha, uliza kama alikuwa anaingia vipindi.

HATUA YA 7: Mkataba
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka maelezo ya ajira yawe kwa maandishi, kwa hiyo cheo, kituo, mshahara, saa za kazi na likizo viandikwe. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ianze mwezi wa kwanza wa kazi. Na semesta ya kwanza msimtwike kamati zote, mpeni muda azijue shule za mazoezi.

MASWALI YA WADAU

Mama_Himo: Asante sana mwalimu. Je walimu wastaafu hatuwezi kuwatumia? Huku tunao wengi wazuri.
Jibu: Shikamoo mama. Kwa kusimamia mazoezi ya kufundisha ni hazina, wachukueni kwa mkataba wa muda. Ila nafasi yenyewe ya kudumu itafutiwe mtu wake, maana mtaala mpya unahitaji mtu wa kukaa nao miaka.

Chalii_wa_Sakina: Broo mimi digrii nina 3.6 ila masta 4.2 na nimefundisha sekondari miaka sita, niombe?
Jibu: Tangazo likisema 3.8 watakuchuja kabla hata ya kusoma barua, usipoteze nauli. Angalia na nafasi za ukufunzi vyuo vya stashahada, zina vigezo vyake, na hiyo miaka sita ya darasani iweke mstari wa kwanza kwenye barua.

Mdau_Ngaramtoni: Tuna kijana anatufundishia pati taimu mwaka wa pili sasa, bosi anasema tumpe tu tusisumbuke na usaili.
Jibu: Atangaziwe na afanye demo kama wengine. Akishinda hakuna atakayemnyooshea kidole, na akishindwa mtakuwa mmejua mapema.

Taveta_Road: Kuna mama Mkenya yupo vizuri sana, tunaweza kumchukua maana si tuko Jumuiya moja?
Jibu: Mnaweza, ila Jumuiya haijafuta kibali cha kazi wala cha ukaazi, sheria ya ajira za wageni ya 2015 inamhusu na mwajiri ndo anaomba. Anzeni mapema mno, pamoja na vyeti TCU. Na mpeni vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) avisome kabla ya demo, mtaala wa kwao na wetu ni tofauti.

Kibosho_Boy: Sisi shida yetu tunapata mtu mzuri, mwaka mmoja anaondoka chuo kikubwa.
Jibu: Kwa mshahara hamtawashinda wakubwa, mangi. Mpe siku moja kwa wiki isiyo na vipindi afanye utafiti wake, na iandikwe kwenye mkataba atakwenda kusoma PhD mwaka gani na atarudi kutumikia muda gani. Ulizeni pia waliotangulia waliondoka kwanini, mara nyingi utakuta alikuwa anafundisha kozi sita na nauli za fildi zinatoka mfukoni kwake.