Kiungulia: nilivyopima dawa za nyumbani kwa glasi ya rozela

Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, nakaa Nyakato, Mwanza, na huu ni mwaka wa kumi kiungulia hakijaniacha. Kila mtu ana dawa yake ya kuniagizia. Mke wangu ni magadi. Jirani ni tangawizi. Shemeji, anayeuza dagaa mwaloni Kirumba, haniambii kitu ila pemba, ule udongo wa kula. Siku moja nilichoka kubishana, nikapanga glasi mezani.

Ukitaka kujaribu nawe, chemsha maua makavu ya rozela bila sukari, acha yapoe. Mimina kina cha vidole viwili katika kila glasi, kamulia matone ya ndimu. Wekundu ule wa kung'aa ndio asidi; rangi ikigeuka, asidi imepungua. Sasa tia dawa moja moja, ukoroge.

Kidonge cha kutafuna cha duka la dawa, nilichokiponda kwa mgongo wa kijiko, kilitoa vipovu taratibu na wekundu ukageuka zambarau. Hiyo ni kalsiamu kabonati, karibu ndugu wa chaki niliyokuwa naandikia ubaoni. Magadi yalifoka hadi kitambaa cha meza kikalowa, rangi ikawa kijani cheusi. Pemba haikubadilisha kitu, ilituama chini kama tope la mto Mirongo. Tangawizi na asali, rangi ileile.

Mke wangu akacheka: magadi yameshinda! Hapana. Yale yaliyofoka mezani hufoka tumboni pia. Gesi ikijaa, tumbo linavimba, mlango wa juu wa tumbo unafunguka, na asidi inapanda nayo unapobeua. Halafu kuna chumvi. Nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea kina zaidi ya miligramu 600 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike hata 2,000 kwa siku nzima. Mwenye presha ajihadhari. Magadi ya ziwani hata usafi wake hauna kipimo, mengine yana floridi nyingi, ileile inayotia meno madoa ya kahawia.

Kuhusu pemba, shemeji hakupenda nilichomsomea. Watafiti walichunguza udongo wanaokula wajawazito katika machimbo ya dhahabu Geita, wakachapisha mwaka 2014, na ndani yake walikuta arseniki. Mjamzito mwenye kiungulia aulize kliniki, zipo dawa anazoweza kupewa.

Sasa antasidi zenyewe, yaani dawa za dukani za kupunguza asidi. Soma kopo kwanza. Magnesiamu inalainisha choo, aluminiamu na kalsiamu zinafunga, ndiyo maana dawa nyingi nyeupe za maji huchanganya magnesiamu na aluminiamu. Lakini wengi tunakosea saa. Ukiinywa tumbo likiwa tupu, inapita chini na nguvu yake inaisha ndani ya saa moja au hata nusu saa. Ukiinywa kama saa moja baada ya kula, chakula kinaizuia tumboni na inaweza kukutuliza kwa muda wa hadi saa tatu. Mimi nikila ugali saa moja usiku, kijiko changu ni saa mbili.

Na usiichanganye na dawa nyingine. Hili nililipata kwa gharama. Niliandikiwa antibiotiki, siprofloksasini, kwa ajili ya mkojo, hakuna aliyenionya, nami kila nikimeza nateremshia na dawa ya maji ya tumbo. Siku tano, homa palepale. Magnesiamu na aluminiamu huishika siprofloksasini, isiingie kwenye damu. Doksisaiklini na vidonge vya kuongeza damu navyo vinahitaji kutenganishwa nazo kwa saa kadhaa. Anayetumia ARV yenye dolutegraviri aimeze saa 2 kabla ya antasidi hiyo, au saa 6 baada yake.

Kuna dawa moja glasi yangu haiwezi kuipima: alginati. Inatoka kwenye mwani wa kahawia (si ule unaolimwa Zanzibar, huo hutoa kitu kingine). Ikikutana na asidi inakuwa utando mzito unaoelea juu ya chakula kama magugumaji juu ya ziwa, ukizuia asidi kupanda. Inywe baada ya kula na kabla ya kulala.

Mitishamba, kwa kifupi. Tangawizi ina ushahidi mzuri kwa kichefuchefu, kwa kiungulia ni mdogo, na ukizidisha inachoma yenyewe. Mnanaa uache, unalegeza ule mlango wa tumbo. Alovera ilijaribiwa Irani kwa watu 79, matokeo yakatoka 2015: sharubati yake mililita 10 kwa siku ilipunguza dalili. Jaribio dogo hilo, na ilikuwa sharubati iliyosafishwa. Utomvu wa manjano wa jani ulilokata uani utakuendesha usiku kucha.

Omeprazoli, dawa inayopunguza asidi inayotengenezwa na tumbo, imezwe nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, na usiizoee kiholela. Huko Denmark mwaka 2009 waliwapa watu wazima wasio na ugonjwa wowote dawa ya jamii hiyo kwa wiki 8. Walipoiacha, 44 kati ya kila 100 walipata dalili za asidi ambazo hawakuwa nazo.

Kilichonisaidia kuliko kijiko chochote ni matofali mawili chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa. Pima sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haifai, inakukunja tumbo. Lala ubavu wa kushoto, na umalize kula muda wa saa tatu kabla ya kupanda kitandani.

Chakula kikikwama kooni, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, au ukikonda bila sababu, acha glasi na vijiko, nenda hospitali ukaulizie kipimo cha kamera ya tumbo. Kifua kikibana na maumivu yakashuka mkononi, usingoje asubuhi, huo huenda ni moyo.