Tapi ya sizali, ya jute ao mukeka: namna ya kutuliza makelele mu nyumba

Mbele utoe franga yako, fanya kwanza hii: batu batoke mu salon, funga mulango, piga makofi moya ya nguvu. Kama sauti inabakia inazunguka-zunguka ku bibambazi, basi tapi itakusaidia. Kama inakufa palepale na bado usiku haulali, makelele yako iko natoka inje, na hapo tapi hata ya bei kali utakuwa umelipa bure.

Nasema ivi juu batu bengi hapa Goma banauziwaka tapi eti itakata muziki ya baa ya ngambo. Haiwezi. Ile sauti nzito ya bafle inayotikisa kifua, ku 100 Hz (mitetemo 100 kwa segonde) wimbi yake iko na urefu wa karibu metre 3,4, sasa kintu ya sentimetre moya yenye kulala chini itaifanya nini? Grupu ya jirani, ile mashine ya umeme, ni vilevile, na mvua ku manjanja (mabati) pia, ile dawa yake ni plafon, na kisha kuziba matundu ya mbao na ile nafasi chini ya mulango. Tapi inatuliza makelele ya ndani, ile sisi benyewe tunafanya: batoto banakimbia, kiti inakokotwa, sahani imeanguka, televizio na mazungumzo vinagongana mu chumba ya simenti tupu mupaka kila mutu anaanza kupandisha sauti.

Sisi ba nyumba za mbao njo tunapata faida kubwa. Mu kartie mingi lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 ilikauka na batu bakajenga juu yake, chini haiko sawa, basi banainua sakafu ya mbao juu ya majiwe na katikati kunabakia upepo. Ukikanyaga inalia kama ngoma. Weka kintu ya kulainisha pale mguu inapogonga, mbao haitetemeke tena sana. Lakini gongelea kwanza misumari ile mbao yenye kucheza, juu mbao yenye kulia itaendelea kulia hata chini ya tapi.

Sasa kuchagua. Sizali ni ngumu, inadumu, nzuri kwa kuluwari na pale batu banapita sana, lakini peke yake ni nyembamba, kwa kelele si sana. Jute ni laini, weka mu chumba ya kulala. Ile ya maganda ya nazi, yenye kukwaruza, iache ku mulango ikamate vumbi yetu nyeusi. Sufu ya kondoo yenye manyoya marefu njo inameza sauti kupita zote, na bei yake pia inajua ivyo. Mukeka wa mafunjo ni muzuri wa kukalia, wa kupokea bageni, ila kwa kelele peke yake haufanyi kintu, unapaswa kulala juu ya kintu ingine.

Na ile kintu ya chini njo siri yote, kwa maoni yangu inafaa kupita tapi yenyewe. Kama unapata feltre ya milimetre 8 ao 10, nunua. Kama hapana, tafuta magunia ya kahawa, ile ya jute (si ile nyeupe ya plastike, hiyo inateleza tu na inalia shwa-shwa). Pasua mushono wa pembeni, ifungue yote, kung'uta inje na ukiwa umejifunga kitambaa ku pua, kisha panga tatu ao ine moya juu ya ingine. Chukua sindano kubwa ya magunia, shona mistari ya kupita katikati, si pembeni tu, vinginevyo gunia ya chini itajikunja na mama mukwe ataanguka na sinia ya chai. Juu yake weka mukeka ao sizali. Kwa simenti yenye kulainika, weka chini vipande vya mupira ya ndani ya tairi ya kuzeeka, haitateleza.

Ku soko ya Virunga ao ku Birere muuzaji atakuapia kwamba ni jute safi. Muombe uzi moya tu ya pembeni, ichome na kiberiti mbali na bintu: ikibakia majivu kama karatasi ni ya mimea, ikinuka nywele za kuungua ni sufu, ikiyeyuka na kufanya katone kagumu ni plastike, na bei ishuke.

Kuweka: usitandaze katikati kama pambo. Anza na kuluwari, kisha chini ya meza, na ipite meza sentimetre 60 kila upande ili kiti ikivutwa nyuma ibakie juu ya tapi. Kama uko ku etage, weka pale batoto banarukia, baishi ba chini batakushukuru. Mbabula isikaribie hata kidogo, nyuzi hizi zinashika moto na nyumba zetu ni mbao.

Unyevu njo adui. Kwa simenti, bandika kipande ya sashe ku sakafu na skochi pande zote, iache mupaka kesho, ukikuta matone chini yake usiweke jute hapo, itaoza na kunuka. Mu musimu wa mvua inua tapi kila juma, iegeshe ipate hewa. Usiiloweshe na maji mingi, sizali na jute zinabadilika rangi na kujikunja. Mutoto akimwaga chai, kamua na kitambaa kikavu palepale, kufinya, si kusugua. Vumbi ya volkano iko na chembe kali zenye kukata nyuzi, kwa hiyo usifagie tu juu: itundike ku kamba, uso ya juu ikitazama chini, uipige na fimbo kutoka mugongo mupaka vumbi iishe kutoka.